Alama 1,316 za Kituo cha Nne

Jumatano, 3 Aprili

Jana, Jumanne tarehe 2 Aprili, kati ya saa mbili na dakika tano asubuhi na saa nane na dakika arobaini mchana, tulipoteza alama 1,316 za mtihani wa Hesabu, zote za Kituo cha Nne. Naandika hivyo waziwazi kwa sababu leo kutwa nimesikia watu wazima wakiita jambo hili "hitilafu", "changamoto" na "ucheleweshaji". Hakuna kilichochelewa. Zimepotea.

Naanza daftari hili kwa sababu katika ofisi yetu jambo lisiloandikwa siku yake huamka kesho likiwa na baba mwingine.

Kazi yangu ni kulinda seva zinazohifadhi alama za mitihani. Vituo vya kusahihishia ni vitano, kila kituo kina seva yake, na zote tano zinatunziana mali kama majirani wanaoachiana funguo. Msahihishaji akimaliza karatasi anaandika jumla kwa kalamu nyekundu kwenye jalada, kisha, somo zima likikamilika, anaiingiza kwenye kompyuta. Seva ya kituo inaiandika, halafu inawapelekea wenzake wawili nao waandike. Sharti nililoliweka kwa mkono wangu miaka sita iliyopita ni moja: skrini isiseme "Imehifadhiwa" mpaka seva mbili kati ya hizo tatu zijibu kwamba zimekwisha kuandika kwenye diski. Moja ikiungua, ikiibiwa, ikinyeshewa, alama ipo kwa jirani. Mawasiliano yakikatika, kituo kinakataa kupokea. Wasahihishaji wanakaa, wananung'unika, wananitukania ukoo, lakini hakuna kinachopotea. Kukataa ndiyo kazi yenyewe.

Jana waya wa mawasiliano wa Kituo cha Nne ulikatika saa mbili na dakika tano, mtaro ulipofurika na kuuzoa. Seva ilipaswa kukataa. Badala yake iliendelea peke yake kusema "Imehifadhiwa", mara 1,316, kila mara ikidanganya. Saa nane na dakika arobaini umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo ukaichoma. Fundi wa diski ameifungua leo mbele yangu, akaifunga, akanipa pole kwa sauti ya msibani.

Nimekagua mpangilio wa seva nne zilizobaki. Pale nilipoandika "mbili" pameandikwa "moja".

Wenye ruhusa ya kugusa hapo ni watu wawili. Mmoja ni mimi.

Alhamisi, 4 Aprili

Wa pili ni Msomi. Jina hilo nimempa mimi, na si la heshima. Ni mhandisi aliyeletwa mwaka jana na digrii zake mbili. Mimi niliingia hapa miaka kumi na tisa iliyopita kama mpiga chapa, na seva ya kwanza niliijua kwa kuichokonoa ikiwa imekufa, kwa bisibisi ya kuazima. Msomi akitaka kunielekeza huanza na neno "kimsingi". Leo kwenye kikao hakusema kimsingi wala kitu kingine. Alitazama meza saa nzima.

Mkurugenzi ndiye aliyesema. Kumbe Jumanne ile ile jioni, kabla hata moshi haujaisha, alikwisha kuiandikia Bodi ya Mitihani kwamba alama zote ziko salama. Barua imefika, imegongwa muhuri. Sasa mpango wake ni kwamba kila mtahiniwa wa Kituo cha Nne apewe, kwa Hesabu, wastani wa masomo yake manne mengine. Anauita makadirio ya kitaalamu.

Nilisema karatasi zipo. Zimesahihishwa, zimefungwa mabunda 47 ya karatasi 28, ziko stoo ya kituo, na kila jalada lina alama yake. Sekunde arobaini kwa karatasi ni saa kumi na nne na dakika thelathini na saba. Ukiweka watu wanne, ni asubuhi moja, na chai wanapata. Mkurugenzi akasema stoo ikishapigwa lakiri haifunguliwi bila fomu ya kwenda kwa Bodi, na fomu hiyo ina mstari wa "sababu". Chumba kizima kikaelewa. Akiandika sababu, amekanusha barua yake mwenyewe.

Nimeomba pia Daftari la Mabadiliko, ambamo kila badiliko la seva huandikwa. Limefungiwa kabatini kwa katibu muhtasi, naye yuko likizo na ufunguo anao.

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua. Msomi hakunisalimu, nami sikumsalimu. Tunakaa meza mbili zinazotazamana.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimekwenda stoo ya Kituo cha Nne kwa miguu yangu, viatu mkononi. Mtunza stoo ni mama wa makamo tunayemwita Mama Funguo, mwenye mdomo usio na breki na mikono isiyogusa kitu kisicho chake. Lakiri iko mlangoni, hakuitikisa. Alinipeleka nyuma kwenye dirisha la vioo vya kulala, tukachungulia kwa zamu kwa sababu jiwe la kukanyagia ni moja.

Mabunda yamepangwa kwenye rafu tatu, na ile ya chini iko kiganja kimoja tu juu ya sakafu. Maji yanaingilia pembeni, chini ya ukuta. Mabunda matatu ya mwisho yamekwisha kubadilika rangi. Matatu mara 28 ni wanafunzi 84.

Nilimuuliza Mama Funguo kama ametoa taarifa. Akasema ametoa mara mbili, na mara zote ameambiwa aweke ndoo.

"Ndoo naiweka wapi, mwenzangu?" akaniuliza. "Ndani kuna lakiri. Niiweke nje niizuie mvua isiingie mjini?"

Tulicheka, kisha tukachungulia tena tukaacha kucheka. Wino mwekundu hauelewani na maji.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimeomba kwa maandishi stoo ifunguliwe. Jibu nimeletewa kwa mdomo na dereva: subiri.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua. Mama Funguo amepiga simu: mabunda sita.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua. Nimesubiri.

Ijumaa, 12 Aprili

Kuna jambo sijaliandika hapa siku kumi, na daftari lenye kuficha lina faida gani.

Ninaishi na mtoto wa marehemu mdogo wangu. Ana miaka kumi na minane na mdomo wake haupumziki, ndiyo maana nyumbani tunamwita Chiriku. Karatasi za shule yake zilisahihishwa Kituo cha Nne. Yake ya Hesabu ni mojawapo ya zile 1,316. Nilijua tangu dakika ya kwanza nilipoona orodha, nikafunga orodha.

Leo nimemweleza mezani. Nilitegemea hasira. Nilimwambia namtafutia alama yake ya haki, jasho lake, asipewe kitu cha kubuni. Akaacha kula. Kimya cha Chiriku ni kitu cha kuandika tarehe.

"Mama Mkubwa," akasema, "hiyo karatasi iache ilale."

Nikamuuliza ipi.

"Yangu. Niliacha maswali mawili. Nimejihesabia mara nne, kila mara napata arobaini na kitu. Mara moja nilipata hamsini, lakini siku hiyo nilikuwa najihurumia."

Hamsini ndiyo alama ya kufaulu. Chuo cha uuguzi hakipokei aliyeanguka Hesabu, na huyu tangu alipomuuguza mama yake hana ndoto nyingine. Masomo yake manne mengine ameyafanya vizuri. Nimepiga hesabu kichwani kabla hajamaliza sentensi, nikajichukia kwa wepesi wangu. Sitini na moja. Makadirio ya Mkurugenzi yanampa sitini na moja.

"Kwa hiyo ukinitafutia haki yangu," akasema, "unaniangusha. Wewe mwenyewe. Kwa mkono wako."

Nilitoa vyombo.

Jumapili, 14 Aprili

Hatusemezani. Nyumba ina watu wawili na inasikika mvua tu.

Jumatatu, 15 Aprili

Katibu muhtasi amerudi. Nimelipata Daftari la Mabadiliko saa tatu asubuhi, nikaenda nalo chumba cha seva, nikafunga mlango. Nilikuwa nimejiandaa kumkamata Msomi. Nilikuwa hata na sentensi ya kuanzia.

Ofisi ina utaratibu: hakuna badiliko linalofanywa kwenye seva bila saini mbili, yangu na ya mhandisi. Mmoja anaandika, wa pili anasoma, anakubali au anakataa. Utaratibu huo niliupigania mimi.

Ukurasa wa tarehe 21 Machi, kwa mwandiko wa Msomi, herufi nadhifu kama za mwalimu wa darasa la kwanza: "Kupunguza seva zinazothibitisha kutoka mbili hadi moja, ili kuondoa kusubiri sekunde kumi na moja kwa kila alama. Kwa agizo la Mkurugenzi kwa simu, saa nne na robo asubuhi. Mpaka mvua zipungue." Chini saini yake. Pembeni yake saini yangu.

Nimeitazama muda mrefu. Si ya kughushi. Mkia wa herufi ya mwisho unapinda vile vile ninavyoupinda mimi nikiwa na haraka.

Tarehe 21 Machi mimi sikuwa ofisini. Nilikuwa wodini na mama yangu, siku kumi za likizo, nimeketi kwenye benchi la chuma. Na Ijumaa ya kabla ya likizo, tarehe 15, saa kumi na nusu jioni, begi likiwa begani, nilisaini kurasa sita tupu ili kazi isikwame. Tunaziita saini za akiba. Kila mtu hapa anaweka akiba yake akisafiri. Hakuna aliyewahi kuona ubaya, wala mimi.

Nyani haoni kundule. Siku kumi na mbili nimekuwa nikilaani seva inayosema "imehifadhiwa" kabla mwenzake hajaandika chochote, na mimi nilikwisha kusema "nimekubali" kabla mwenzangu hajaandika chochote. Mara sita.

Nikamwita Msomi. Aliingia, akaliona daftari limefunguliwa, akavuta kiti bila kuambiwa.

Nilimuuliza kwa nini hakunitafuta. Akatoa simu akanionyesha: tarehe 21 Machi, mara tatu. Yangu ilikuwa imezimwa, wodi ile hairuhusu. Nilimuuliza kwa nini hakukataa. Akasema jambo ambalo naliandika neno kwa neno.

"Dada, Mkurugenzi alikuwa ananisubiri kwenye simu. Nilifungua daftari nikitafuta ukurasa usio na saini yako. Ningeupata, ningemwambia haiwezekani, mwenzangu hayupo, utaratibu hauturuhusu. Nilifunua kurasa sita. Zote ulikuwa umekubali."

Sentensi yangu ya kuanzia sikuitumia.

Nikamuuliza kwa nini alikaa kimya kwenye kikao. Akasema aliogopa, na pia alidhani nakumbuka, na kwamba nimeamua kumwachia mzigo. Wiki mbili mtu huyu ameketi mbele yangu akiamini mimi ni mwovu, nami nikiamini yeye ni mwovu, na daftari liko kabatini.

Jumanne, 16 Aprili

Nimemsalimu. Ameitikia.

Jumatano, 17 Aprili

Mkurugenzi ameniita. Nilidhani ni kuhusu stoo.

Ofisi yake ina zulia linalomeza sauti ya viatu, mtu huonekana kama amefika kwa kunyemelea. Alinikaribisha kiti, akaniuliza hali ya mama, akasikiliza jibu hadi mwisho. Ni mtu mpole, na upole wake ndio unaochosha. Nilimwambia nimeuona ukurasa wa tarehe 21 Machi. Nilimwuliza kama alipiga simu ile.

Akasema katika msimu wa mvua yeye hupiga simu nyingi. Akasema yeye si mtaalamu wa seva, huenda alilalamika kwamba kazi inakwenda polepole, na bosi akilalamika si kwamba ameagiza. Akasema wasahihishaji walikuwa wakisubiri sekunde kumi na moja kwa kila alama, walitishia kuondoka, na Bodi ilikuwa ikimuuliza kila asubuhi asilimia ngapi. Hilo la asilimia namwamini. Aliwekwa penye moto, akatafuta wa kumkalisha.

Kisha akafungua droo akatoa karatasi moja, akaigeuza inielekee. Ni cheti cha usahihi wa mfumo, kile ambacho mlinzi wa seva husaini kila mwaka kabla matokeo hayajatangazwa: "Nathibitisha kwamba alama zote zilizohifadhiwa ni zile zilizoingizwa na wasahihishaji." Anataka nikisaini kabla ya Ijumaa tarehe 26.

Nikamwambia alama 1,316 hazitakuwa zile.

"Mama," akasema, "wewe ni mtu wa hesabu. Ule ukurasa wa daftari una saini mbili. Yangu haimo."

Akaendelea kwa sauti ile ile ya kuuliza hali ya mgonjwa. Ameona kwenye orodha kuna binti anayeishi kwangu. Wastani wake ni sitini na moja. Akasema hajawahi kumwona mzazi anayekwenda kushtaki sitini na moja. Nikisaini, daftari linarudi kabatini, Msomi anabaki na kazi yake, mimi nabaki na miaka yangu kumi na tisa, binti anakwenda chuoni, na katika watoto 1,316 hakuna hata mmoja atakayejua.

Nilitoka na cheti mkononi. Sijakisaini na sijakichana. Kiko ndani ya daftari hili, katikati ya kurasa, na kila nikifungua kuandika kinaanguka mapajani.

Ijumaa, 19 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Mabunda kumi na sita. Wanafunzi 448.

Jumamosi, 20 Aprili

Chiriku amevunja kimya, kwa kuuliza hesabu, maana anajua mlango wangu uko wapi. Ameuliza kama wastani unadanganya sana au kidogo.

Hilo nilikuwa nimekwisha kulipima. Vituo vingine vinne vina alama za kweli za Hesabu, kwa hiyo nilichukua watahiniwa wao, nikajifanya nimezipoteza, nikawapa wastani wa masomo manne, kisha nikalinganisha na ukweli. Katika kila mia, kumi na wanne waliofaulu kweli wanaangushwa, na kumi na saba walioanguka kweli wanafaulishwa. Kwa Kituo cha Nne ni kama watoto 184 wanaonyang'anywa na 224 wanaopewa.

Akachukua kalamu, akaandika 184 na 224 kwenye ukingo wa gazeti, akazitazama.

"Na mimi niko kwenye hao mia mbili na ishirini na wanne."

Nikasema huenda. Sijui, wala yeye hajui, na hiyo ndiyo sababu ya kufungua stoo.

"Hawa mia na themanini na wanne unawajua majina?"

Nikasema hapana, hakuna awezaye kuwajua, na stoo ikioza hatawajua mtu milele. Watapata karatasi inayosema wameanguka, nao watasadiki. Watajiona wajinga maisha yao yote kwa mtihani walioufaulu.

Akaizungushia ile 184 duara juu ya duara mpaka gazeti likatoboka. Halafu akainuka, akasema kwamba mimi sikuwahi kufanya mtihani wa kuingia chuo chochote, kwa hiyo ni rahisi kwangu kupenda ukweli. Ameniumiza, na sehemu ya maneno yake ni sawa.

Jumatatu, 22 Aprili

Mama Funguo hakupiga simu. Alikuja mwenyewe ofisini, kanga imelowa mpaka magotini, akakataa kiti ili asikiloweshe. Mabunda kumi na tisa. Tangu tarehe 6 hadi leo ni siku kumi na sita na mabunda kumi na sita. Bunda moja kwa siku, watoto ishirini na wanane kwa siku. Hakuna saa inayokwenda sawasawa hivyo katika jengo letu.

Lakini hakuja kwa ajili ya hesabu hiyo. Alisema asubuhi alipofagia mbele ya stoo, maji yaliyokuwa yakitoka chini ya mlango yalikuwa ya waridi.

"Nikadhani macho yangu," akasema. "Nikachota kwa kiganja. Ni wino, mwenzangu. Alama za watoto wa watu zinatiririka kwenda mtaroni, nami nimeshika ufagio."

Wasahihishaji wa kazi ile waliketi siku kumi na nne kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu, wakihesabu nusu alama na robo alama. Nimemwona Msomi akigeukia dirisha. Huyu ambaye nilidhani moyo wake nao una digrii.

Mama Funguo alipoondoka, Msomi akaniuliza nimeamua nini kuhusu cheti. Nikamwambia nikifungua mdomo, ukurasa wa 21 Machi utasomwa na Bodi, na jina lake limo. Akasema analijua jina lake na mahali lilipo. Ana mke aliyejifungua mwezi jana, na aliyataja hayo bila kuomba kitu.

Jumanne, 23 Aprili

Nimekaa na hesabu ya mwisho. Upande mmoja kuna mimi, Msomi na Chiriku. Upande wa pili mabunda 27 ambayo bado ni makavu, wanafunzi 756, na huenda nusu ya yaliyolowa bado yanasomeka yakikaushwa wiki hii. Wiki ijayo hayatasomeka. Hesabu haikuwa ngumu. Ugumu ulikuwa kuacha kuirudia kila saa nikitumaini italeta jibu jingine.

Kuna kosa ambalo nimekuwa nikilizunguka. Nimeandika kurasa nyingi hapa kuhusu barua ya Mkurugenzi, simu ya Mkurugenzi, upole wa Mkurugenzi. Vyote ni kweli. Lakini sharti la seva mbili lililindwa na sharti la watu wawili, na la watu wawili nililibomoa mimi, kwa kalamu yangu, kwa sababu nilikuwa na basi la kuwahi. Nisipolisema hilo kwanza, hakuna neno langu jingine litakaloaminika, na wala halitastahili.

Jioni nimemwambia Chiriku kwamba kesho naandika barua, na kwamba sitaisaini karatasi ile nyingine.

Alikuwa akipiga pasi. Aliendelea mpaka akamaliza mkono wa pili wa shati.

"Nikianguka," akasema, "sikuiti Mama Mkubwa mwezi mzima."

Nikamwambia mwezi mmoja naumudu.

"Miwili."

Nikamwambia hiyo tutazungumza. Akacheka kwa nguvu isiyo ya furaha, na machozi yakamtoka hapo hapo, akayapangusa kwa lile shati alilokwisha kulinyoosha, akalazimika kulipiga pasi upya.

Jumatano, 24 Aprili

Barua nimeiandika kwa mkono, nakala tatu. Msomi ameisoma neno kwa neno, amenisahihisha tarehe moja, ndipo akasaini. Safari hii nilimngoja asome. Nakala ya kwanza nimempa Mkurugenzi mkononi saa tisa alasiri, mbele ya katibu muhtasi. Hii hapa ni ya pili.

"Mkurugenzi,

Tarehe 2 Aprili, kati ya saa mbili na dakika tano asubuhi na saa nane na dakika arobaini mchana, ofisi hii ilipoteza alama 1,316 za Hesabu za Kituo cha Nne. Zilipotea kwa sababu seva ile ilikuwa ikithibitisha peke yake. Badiliko hilo lilifanywa tarehe 21 Machi na mhandisi, kwa agizo lako la simu, juu ya saini yangu niliyoiacha kwenye ukurasa mtupu. Kosa la saini ni langu, nalikiri, na nitalikiri mbele ya yeyote atakayeniuliza. Mhandisi anakiri lake, na saini yake iko chini. Lako hatulikiri kwa niaba yako.

Cheti cha usahihi nakurudishia pamoja na barua hii. Hakina saini yangu na hakitakuwa nayo.

Binti anayeishi kwangu ni mmoja wa watahiniwa hao. Makadirio yako yanamfaa kuliko karatasi yake. Naomba karatasi yake isomwe kama nyingine.

Mabunda 26 ni makavu leo. Kesho yatakuwa 25. Watu wanne wako tayari: mimi, mhandisi, mtunza stoo na katibu muhtasi, ambaye nimemwomba na amekubali. Vinahitajika fomu moja na mstari mmoja.

Swali langu ni moja. Je, utasaini fomu ya kufungua stoo, na kwenye mstari wa sababu uandike kwamba alama 1,316 zimepotea? Usinijibu kwa kikao, wala kwa dereva, wala kwa kuniambia nisubiri. Nimesubiri siku ishirini na moja. Nijibu wewe mwenyewe, kwa maandishi, ndiyo au hapana, kabla ya saa sita kamili mchana kesho Alhamisi. Mapokezi ya Bodi hufungwa saa nane. Kutoka mlango wetu hadi wao kwa miguu, katika mvua, ni dakika thelathini na tano, na nakala ya tatu ninayo mimi."